Milima Yetu na Safari za Himalaya

Habari za Waingereza wa kwanza kupanda milima ya Himalaya husimuliwa kana kwamba zilianzia London na kuishia Tibet. Kumbe njia ya baadhi yao ilipitia hapa kwetu Afrika Mashariki.

Mwezi Januari 1929, Eric Shipton, kijana aliyekuja Kenya kujifunza kilimo cha kahawa, na Percy Wyn-Harris, ofisa wa serikali ya kikoloni, walikuwa wa kwanza kufika kilele cha Nelion katika Mlima Kenya. Kutoka hapo walivuka hadi Batian, kilele ambacho hakikuwa kimefikiwa tena tangu Mackinder na wenzake wawili mwaka 1899. Habari hizo zilimvutia mkulima mwingine, H. W. Tilman, akamwandikia Shipton. Mwaka 1930 waliupanda mlima huo pamoja, na mwaka 1932 wakaja Uganda, wakafika Margherita, kilele cha Ruwenzori chenye mita 5,109.

Katika milima hii walizoea kwenda wachache, wenye mizigo michache. Huko Himalaya desturi ilikuwa misafara mikubwa yenye mamia ya wapagazi. Lakini mwaka 1934 Shipton na Tilman, pamoja na Masherpa watatu, Angtharkay, Pasang na Kusang, waligundua njia ya kuingia bonde la Nanda Devi, lililowashinda wengi. Mwaka 1936 Tilman na Noel Odell walifika kileleni, mita 7,816. Wyn-Harris naye alikuwa amepanda Everest mwaka 1933, akarudi akiwa amebakiza mita chini ya 300. Na mwaka 1935 Shipton ndiye aliyemwajiri Tenzing Norgay kwa mara ya kwanza. Tarehe 29 Mei 1953 Tenzing alisimama juu ya Everest pamoja na Edmund Hillary.

Tazameni basi: majina ya Masherpa watatu tunayo. Je, Wakonzo waliowabebea wageni mizigo Ruwenzori waliitwa nani? Neno "mpagazi" ni la heshima katika historia ya misafara yetu, lakini mara nyingi limefunika jina la mtu. Hata vilele vilipewa majina ya malkia: Margherita wa Italia na Alexandra wa Uingereza.

Sisi walimu wa Mafubira hatuna mlima mlangoni, lakini wenzetu wa Mbale huamka wakiuona Masaba, ambao ramani huuita Elgon. Tuwatume wanafunzi kwa wazee, wakaulize nani alibeba, nani aliongoza njia, na kila kilele kiliitwaje. Majibu wayaandike kwa Kiswahili sanifu. Hiyo itakuwa insha yenye faida, kwani mali bila daftari hupotea bila habari.