Uzi: Nani aliua sayansi shuleni?

Kila kampeni ikifika, mmoja anapanda jukwaani kusema CBC imeua sayansi, mwingine anamjibu kwamba 8-4-4 ilikuwa ya kukariri tu. Hebu turudi nyuma kidogo.

Kwenye 7-4-2-3 kulikuwa na kidato cha tano na sita. Hapo mwanafunzi wa sayansi alizama miaka miwili kwa masomo machache. 8-4-4 ilipoanza 1985, kufuatia ripoti ya jopo la Mackay ya 1981, miaka hiyo ikaenda. Shule za msingi zikaongezewa darasa la nane na masomo ya mikono. Karakana zilijengwa na nani? Wazazi, kwa harambee. (Wasioweza, watoto wao walisoma randa kwa picha.)

Sekondari, fizikia, kemia na bayolojia zilifunzwa kando. Kidato cha tatu ungeweza kuacha moja, na wengi waliacha fizikia.

2023 Gredi ya 7 ikaanza, zote tatu zikawa Sayansi Jumuishi. Wazo lenyewe silipingi. Ninachopinga ni kuwaweka watoto hao kwenye shule za msingi, ambazo nyingi hazina maabara, halafu mwalimu wa bayolojia na kemia abebe fizikia pia. Wakiwa Gredi ya 9 tayari wanatakiwa kuchagua mkondo, STEM ukiwa mmoja wa mitatu, na wapo ambao hawajawahi kushika bureti.

Mgombea ugavana akiwaahidi maabara za Gredi ya 7, mfungulieni Katiba ya 2010. Kaunti ilipewa chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Maabara hizo ni za serikali kuu.