Mtandao bila intaneti: historia fupi ya NetworkTables

Leo tuiache intaneti kidogo, tuzungumzie mtandao. Wengi wetu huchukulia hivi viwili kuwa kitu kimoja, na ukiwa Garissa, Wajir au Mandera jambo hilo lina gharama: mwanafunzi anangoja intaneti nzuri ifike ndipo aanze kujifunza jinsi mashine zinavyoongea. Historia ya programu huria moja ndogo inaonyesha kwamba hana haja ya kungoja.

Marekani kuna mashindano ya roboti za wanafunzi wa sekondari yaitwayo FIRST Robotics Competition, yaliyoanza mwaka 1992. Roboti iko uwanjani, madereva wako pembeni na kompyuta yao, na kati yao kuna Wi-Fi tu. Timu nyingi hutumia maktaba ya programu iitwayo WPILib, ambayo chimbuko lake ni chuo cha Worcester Polytechnic Institute. Kufikia msimu wa 2012 ndani yake mlikuwa na NetworkTables, sehemu ya mawasiliano.

Inafanyaje kazi? Tuseme soko la mifugo la Garissa lina ubao wa bei. Bei ya ng'ombe ikibadilika, dalali anafuta ya zamani na kuandika mpya. Aliyechelewa njiani haulizi kila bei iliyotajwa tangu asubuhi. Anasoma ubao, basi. NetworkTables ni ubao huo. Kila thamani ina jina, kama "kasi" au "pembe". Roboti ndiyo seva inayotunza ubao, na kompyuta zilizounganishwa nayo zina nakala. Thamani hutumwa inapobadilika. Wi-Fi ikikatika kisha ikarudi, kompyuta inaletewa hali ilivyo sasa na kazi inaendelea. Kwa mtandao dhaifu, huo ni ubunifu wa maana sana.

Toleo la tatu lilianza kutumika msimu wa 2016, likipitia TCP kwenye lango namba 1735. Toleo la nne, linalotumia WebSocket, liliingia msimu wa 2023. Kwa upande wa Python, kazi ilifanywa na watu wa kujitolea wa mradi wa RobotPy. Waliandika pynetworktables, na baadaye pyntcore ikachukua nafasi yake. Mwaka 2024 ndipo Python ilipokubaliwa kuwa lugha rasmi ya mashindano hayo. Wapenzi wa programu huria walikuwa wameitengeneza miaka mingi kabla ya hapo.

Sasa turudi nyumbani. Wazo la mtandao wa karibu si geni Kaskazini Mashariki. Ukame wa 2011 ulipoleta wakimbizi wengi Dadaab, mashirika ya misaada yalihitaji kuwasiliana, na njia ya kutoka nje ilikuwa finyu na ghali. NetHope, Inveneo, Cisco na washirika wao wakajenga DadaabNet, mtandao wa kuunganisha ofisi za mashirika hapo hapo kambini. Faili ya kwenda ofisi jirani haikulazimika kwanza kupanda hadi setilaiti.

Somo ni lile lile. Roboti kamili ya mashindano ni ghali, sikatai. Lakini maktaba yenyewe ni ya bure na haidai roboti. Mwenzako aliye Nairobi apakue pyntcore pamoja na vifurushi inavyovitegemea, akuletee kwa flash. Mhakikishe tu vinalingana na toleo lako la Python na aina ya kompyuta yako. Chukua kompyuta mbili na ruta isiyo na bando hata kidogo. Moja iwe seva, nyingine isome. Badilisha "kasi" huku, uione ikibadilika kule.

Tahadhari moja: ubao huu hauna nywila. Yeyote aliye kwenye mtandao wako anaweza kuandika, kwa hiyo weka nywila kwenye Wi-Fi yako.

Haya, mlio na kompyuta mbili, anzeni leo.