Footsubishi ina historia

Wasee, ukipiga footsubishi hadi tao watu wanadhani umesota. Kwani historia ya Nairobi wanaijua?

Reli ilifika hapa 1899. Wazungu wakajichukulia upande wa juu wenye miti, Mwafrika akapewa Eastlands: Pumwani, Kaloleni, Makongeni. Asubuhi alienda kazini Industrial Area kwa mguu ama baiskeli. Baadaye zikaja gari za kukwepa leseni, nauli mapeni matatu, na jina matatu likatoka hapo. Kenyatta alizihalalisha 1973.

Yaani waliojenga hii city walitembea, lakini barabara zikajengewa wenye magari. Expressway ya 2022 ni kilomita 27, na mtu wa miguu haruhusiwi kukanyaga.

Mimi sitaki gari, hata nikiomoka. Mat moja ya watu 14 inaweza kutoa gari kadhaa kwenye jam. Moshi unapungua, mtoto anavuka barabara bila kuombewa, na pesa ya mafuta inabaki kwa mama mboga. Hewa safi si favour, iko kwa Katiba, kifungu cha 42.

Wakikuuliza gari yako iko wapi, waulize njia ya miguu iko wapi.