Redio Iitwayo Sauti ya Ukweli

Mwezi Januari mwaka 1987 makachero wa Kenya walipeleka taarifa kwa wakubwa wao kwamba wananchi wa mkoa wa kati wanamzungumzia mtu mmoja aitwaye Matigari, anayezunguka nchi nzima akiuliza ukweli na haki vinapatikana wapi. Amri ikatoka: akamatwe! Polisi walipomsaka waligundua kuwa mtuhumiwa hana nyumba wala kipande. Ni mhusika katika riwaya ya Kigikuyu ya Ngũgĩ wa Thiong'o, iliyotoka mwaka 1986. Basi mwezi Februari wakakikamata kitabu chenyewe, nakala zikazolewa madukani. Ndivyo alivyosimulia mwandishi mwenyewe, aliyekuwa uhamishoni tangu 1982.

Wengi hucheka hapo. Mimi mtu wa redio hucheka nusu nusu, kwa sababu ndani ya riwaya ile imo redio ya serikali iitwayo Sauti ya Ukweli. Hadithi ikianza kunoga, redio inadakia: Mtukufu kasema hivi, fulani katiwa ndani, amri mpya ni hii. Wakubwa wa nchi hiyo ya kubuni wana kitabu cha nyimbo za kasuku, na gazeti lao limepewa jina kwa heshima ya ndege huyo huyo.

Kasuku huyo hakuokotwa njiani. Mnamo Septemba 1984, aliporejea kutoka Addis Ababa, Rais Daniel arap Moi aliwataka mawaziri wake na wengineo waimbe kama kasuku wimbo anaouimba yeye, kama yeye alivyouimba wa Jomo Kenyatta. (Na 1984, kwa bahati tu, ndilo jina la kitabu cha George Orwell.) Sauti ya Kenya nayo ilizoea kufungua taarifa ya habari na Mtukufu Rais: leo kaongoza harambee, kesho kahudhuria ibada. Hayo hayakuwa uongo, alikwenda kweli. Lakini yakijaza dakika za mwanzo, mgomo wa wanafunzi utapata nafasi gani? Kuibana redio hakuhitaji mtunga uongo. Mpanga habari mwoga anatosha.

Thamani ya kipaza sauti ilionekana wazi tarehe 1 Agosti 1982. Wanajeshi wa anga walioasi walimchukua mtangazaji Leonard Mambo Mbotela, yule wa "Je, Huu ni Uungwana?", wakamtaka atangaze kwamba serikali imepinduliwa. Siku hiyo hiyo, baada ya wanajeshi watiifu kuikomboa stesheni, sauti ile ile ilitangaza kwamba serikali ingalipo. Msikilizaji amwamini nani, na sauti ni moja?

Sisi Tanzania tusijifanye tulikuwa pembeni. Tangu 1965 redio ya Bara ilikuwa moja tu, ya serikali, hadi Sheria ya Utangazaji ya 1993 ilipofungua mlango. Sheria ya Magazeti ya 1976 ilimpa waziri uwezo wa kufungia gazeti, nayo iliishi hadi 2016. Hapa Misigiri, penye njia panda ya Kiomboi, mtu mwenye betri nzuri alisikiliza Dar es Salaam kisha akahamia BBC, si kwa kuidharau ya nyumbani, ila ajue ni kipi kilichorukwa.

Lakini makachero wale, katika kukosea kwao, walisikia jambo la kweli. Watu walikuwa wakimzungumzia Matigari. Riwaya ya Kigikuyu iliyotangulia, ile Ngũgĩ aliyoiandika gerezani Kamiti mwaka 1978 kwenye karatasi za msalani, ilisomwa kwa sauti majumbani, kwenye mabasi na baa. Amesimulia kwamba baani walitokea wasomaji hodari waliosoma mpaka penye utamu, kisha wakaweka kitabu chini na kutazama glasi yao tupu. Mpaka mtu aagize nyingine.