Waridi la Siri Katika Bilauri

Mfalme James wa Pili alipokimbilia Ufaransa mwaka 1688, na enzi yake ikashikwa na wengine, walibaki Uingereza na Scotland watu wengi walioitakidi kwamba haki ya ufalme ni ya dhuria zake. Na watu hao, walioitwa Wajakobaiti, kwa kuwa kumtaja mfalme wao hadharani kulikuwa ni kujitafutia kitanzi, waliiweka siri yao katika bilauri za kunywea divai.

Bilauri ya namna hiyo, ya katikati ya karne ya 18, ukiielekeza kwenye mwanga utaona shina lenye nyuzi za hewa zilizosokotwa ndani ya kioo chenyewe, na ubavuni waridi la petali sita, lenye matumba mawili, pamoja na neno la Kilatini Fiat, yaani na iwe. Waridi aghalabu hufasiriwa kuwa ni taji, na matumba kuwa ni warithi wake walio ughaibuni, akiwemo Charles Edward, mjukuu wa James, aliyeshuka Scotland mwaka 1745 kuudai ufalme kwa upanga, akavunjwa nguvu katika vita vya Culloden tarehe 16 Aprili 1746. Husimuliwa kwamba karamuni waliipitisha bilauri juu ya chombo cha maji, ili heri wanayomtakia mfalme imfikie aliye ng'ambo ya bahari.

Nakshi hizi zilichongwa kwa visahani vya shaba vizungukavyo, na kioo cha Kiingereza kilichotiwa risasi, ambacho fundi wa vioo George Ravenscroft alikipatia hataza mwaka 1674, kiliipokea kazi hiyo kwa ulaini wa ajabu. Adimu kupita zote ni bilauri zile zilizoandikwa kwa ncha ya almasi beti za dua ya kumwombea mfalme, zikahitimishwa kwa Amina. Zijulikanazo hazitimii 40.

Tamaa ya wakusanyaji, hata hivyo, ilizaa ughushi ulio mgumu kuutambua, maana bilauri tupu ya kale, iliyo halali kabisa, ilichukuliwa ikatiwa waridi miaka mingi baadaye, ili bei ipande. Kwa hiyo naona mwandishi Geoffrey Seddon aliifanyia fani ya kuzichunguza bilauri hizi hisani kubwa, katika kitabu chake cha mwaka 1995, alipoulinganisha mchoro kwa mchoro, jinsi jani lilivyokatwa na mshipa ulivyopindwa, hata akabainisha mikono ya mafundi watano wakuu waliozichonga nyingi katika bilauri hizo.