Ua, Nyasi na Nyoka

Bibi yangu wa Muleba hakupata kuwa na bustani ya ukoka. Mbele ya nyumba yake palikuwa na uwanja wa udongo mtupu, uliofagiliwa kila asubuhi. Utotoni nilidhani ni usafi tu. Siku moja akanionyesha mchirizi uliokata alama za ufagio wa jana. "Mgeni alipita usiku," akasema, akaendelea kufagia.

Ndugu msomaji, Wahaya waliipanga ardhi yao kwa busara. Nyumba ilizungukwa na kibanja, yaani shamba la migomba na kahawa. Nje ya kibanja ilikuwapo rweya, mbuga ya nyasi iliyotumiwa na wengi. Nyasi hizo zilikuwa mali. Ziliezeka mushonge, ile nyumba ya msonge iliyofunikwa hadi chini. Zilitandikwa sakafuni watu wakakaa. Zilitandazwa chini ya migomba kutunza unyevu na rutuba. Hakuna aliyekata nyasi ili azitupe.

Nyoka naye alikuwa na sehemu yake. Chini ya matandazo hukaa panya, na penye panya nyoka hafiki mbali. Bibi alipoingia kibanjani alitanguliza fimbo, akipapasa majani kama mtu anayepiga hodi. Hata leo, kaskazini yetu upande wa Uganda, wavuvi wa visiwa vya Musambwa karibu na Ghuba ya Sango huishi na nyoka miambani, na mila yao inakataza kuwaua.

Nyasi za kukatwa kwa ajili ya kutazamwa zilikuja kwa njia nyingine. Mwaka 1890 Emin Pasha alianzisha kituo cha Wajerumani pale Bukoba, kando ya Ziwa Viktoria. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza wakatawala Waingereza. Nyumba za wakubwa, misheni na shule zikapendeza kwa nyasi fupi, nasi tukarithi. Nani kati yetu aliyesoma asiyelijua fyekeo? Aliyechelewa namba alipimiwa eneo lake akafyeka, akiambiwa kwamba anafukuza nyoka.

Nilipojenga Bukoba mjini nami nikapanda ukoka. Mvua ya kwetu hukaribia milimita 2,000 kwa mwaka, basi nyasi hazikawii kurudi. Kijana mmoja alinifyekea kila baada ya wiki mbili, na masalia nikamwagiza ayarundike nyuma ya jiko. Uwanja ukang'aa, lundo likakua. Siku aliyoingiza mkono kulihamisha, kifutu alikuwa ndani. Alipona, lakini alilazwa wiki kadhaa, na kidole kimoja hakikunjiki tena.

Shirika la Afya Duniani liliingiza sumu ya nyoka katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahauliwa mwaka 2017, na linakadiria vifo kati ya 81,000 na 138,000 kila mwaka duniani. Wengi wao ni watu wa jembe na fyekeo, si wenye bustani.

Nyoka yule simlaumu. Nyasi fupi hazimfukuzi, humwondolea maficho tu; na mimi nilimjengea mengine hatua chache kutoka mlangoni. Siku hizi nyasi zangu huenda moja kwa moja kwenye migomba, na nyuma ya jiko pamebaki udongo mtupu. Naufagia mwenyewe kila asubuhi, nikitazama kwanza nani alipita.