Pedali tatu, miguu miwili na Safari Rally

Leo tunaweka programu kando kidogo tuingie chini ya usukani (programu tutazikuta mbele ya safari, msijali). Aliyewahi kuendesha gari kuukuu la spoti kutoka Ulaya anaijua adha hii: unakanyaga breki, ukingo wa kiatu unagusa mafuta. Klachi nayo imesukumwa hadi kwenye ukuta wa katikati, na mguu wa kushoto hauna pa kupumzika. Wengi hudhani aliyechora gari alikuwa na miguu midogo. La hasha. Mambo mawili yamekutana pale chini: mpangilio wa pedali wenye zaidi ya miaka 100, na gari kuchorwa kwa ajili ya dereva anayekaa kushoto.

Hapo mwanzo kila kampuni ilijipangia. Ford Model T, iliyotengenezwa kuanzia 1908 hadi 1927 na kupita magari milioni 15, ilikuwa na pedali tatu kama zetu, lakini ya kushoto ilikuwa ya gia, ya katikati rivasi, ya kulia breki. Mafuta uliyaongeza kwa mkono, kwa kijiti kilichokaa chini ya usukani. Mchukue mtu wa Probox umweke humo... akitaka kufunga breki atakanyaga rivasi! Cadillac ya 1916 ilikuwa miongoni mwa ya kwanza kupanga klachi, breki na mafuta kama tulivyozoea, na Austin 7 ya Uingereza, iliyotoka 1922, ikasaidia kuusambaza mpango huo. Ukaenea polepole, na sasa hakuna anayethubutu kuugusa, kwa sababu miguu ya dunia nzima ilikwisha zoea.

Sasa sikilizeni sehemu inayonifurahisha. Kampuni inapogeuza gari la usukani wa kushoto liwe la kulia, dashibodi hugeuzwa kama kwenye kioo. Pedali hazigeuzwi! Mafuta hubaki kulia, klachi kushoto. Kwa anayekaa kushoto, mafuta yako upande wa katikati ya gari, na uvimbe wa gurudumu la mbele unaingia upande wa klachi. Sisi wa kulia tunaupata uvimbe huo upande wa mafuta, na klachi inabanwa na handaki la gia. Kwa hiyo seti nzima ya pedali inasogezwa kuelekea katikati na kubanwa pande zote mbili, nawe unakaa kiuno kikitazama mbele na miguu ikitazama abiria. Mjapani anaendesha upande mmoja nasi, magari yake yanachorwa tangu mwanzo kwa usukani wa kulia. Ndiyo maana mwenye Subaru Impreza hapa Thika Road haelewi tunalalamikia nini.

Gari la kawaida huvumilika kwa sababu lina urefu. La spoti huwa fupi na chini, magurudumu ya mbele yanarudi nyuma mpaka miguuni mwa dereva. Angalieni Safari Rally ya 1975. Peugeot 504 ya Ove Andersson ilishinda, na nyuma yake zikaja Lancia Stratos mbili, ya Sandro Munari na ya Björn Waldegård. Kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma, 504 ina sentimita 274. Stratos ina 218. Zaidi ya nusu mita imepotea, na sehemu ya hasara hiyo inalipwa na miguu. Sisemi 504 ilishinda kwa sababu ya pedali, Safari ya zamani ilikuwa na matope na mawe ya kutosha kuua gari lolote. Nasema tu dereva wa 504 alikaa kama mwalimu mkuu ofisini na wa Stratos kama mwanafunzi wa dawati la nyuma.

Porsche 911 ni mfano mwingine. Pedali zake za zamani zimeota kutoka sakafuni badala ya kuning'inia, na zimesogea katikati kwa sababu ya uvimbe wa gurudumu. Ilishika nafasi ya pili kwenye Safari mwaka 1974 na tena 1978, haikushinda kamwe. Waldegård, aliyekuwa dereva wake mwaka 1974, alisubiri hadi 2011 ndipo akashinda na 911 kwenye Safari ya magari ya zamani, akiwa na miaka 68. Mzee alikuwa na subira!

Lakini msiwalaumu wahandisi kwa kila kitu. Breki na mafuta kukaribiana ni jambo ambalo dereva wa mashindano analitaka. Anapoingia kona anafunga breki kwa sehemu ya mbele ya mguu wa kulia, na papo hapo analaza ubavu wa mguu uleule kwenye mafuta kuipandisha injini mizunguko kabla ya kuachia klachi kwenye gia ndogo. Asipofanya hivyo tairi za nyuma zinashtuka na gari linaweza kuteleza. Pedali zikiwa mbali, mguu haufiki. Wengine walitumia mguu wa kushoto kwa breki huku wa kulia ukibaki kwenye mafuta. Erik Carlsson wa Saab, wa pili kwenye Safari ya 1964, anakumbukwa sana kwa mtindo huo. Kwa hiyo wale wa mashindano walitaka zikaribiane, ila zikaribiane kwa kipimo chao.

Kipimo hicho ndicho fundi wa hapa Kalimoni anachohangaika nacho akiletewa gari la aina hii. Dawa ya kwanza haina gharama: viatu vyembamba vyenye soli ngumu, visivyo na ukingo uliojitokeza. Buti la shamba likae kwenye buti la gari, na ndala zisiingie kabisa kwa sababu huvuka na kujipenyeza chini ya pedali. Dawa ya pili ni bamba jipya juu ya pedali, jembamba zaidi, au lililosogezwa upande. Hapo ndipo watu wanaharibu. Wanapima gari likiwa limesimama, pedali ya breki ikiwa juu. Breki ikikanyagwa kwa nguvu inashuka, na ile ya mafuta iliyokuwa chini yake sasa inalingana nayo au inaizidi kwa kimo. Pima breki ikiwa imekanyagwa hadi mwisho, ukiwa umevaa kiatu kilekile cha safari. Na bamba la breki lishikwe kwa boliti au welding ya uhakika; likichomoka kwenye mteremko hakuna wa kumlaumu.

Hatari si ya kubuni. Mwaka 1986 kipindi kimoja cha televisheni ya CBS Marekani kiliishutumu Audi 5000 kwamba inaondoka yenyewe kwa kasi. Uchunguzi wa serikali uliotolewa 1989 ulisema madereva walikuwa wakikanyaga mafuta wakidhani ni breki, na kwamba mpangilio wa pedali ungeweza kuchangia. Mauzo ya Audi huko yalianguka kutoka zaidi ya 74,000 mwaka 1985 hadi kama 12,000 mwaka 1991. Dawa iliyobaki mpaka leo ni ule ufunguo unaokukataza kutoa gia ya otomatiki kwenye P kabla ya kukanyaga breki. Vitz ya jirani yako inao.

Na hapa ndipo programu zinaingia, niliwaahidi. Siku hizi pedali ya mafuta haivuti waya, inatuma namba kwa kompyuta. Baada ya ajali na magari kurudishwa kiwandani mwaka 2009 na 2010, Toyota ilitangaza kuweka amri kwamba breki na mafuta vikikanyagwa pamoja, breki ishinde. Ni IF moja tu, lakini fikirieni dereva wetu wa kona, ambaye kukanyaga vyote viwili ndiyo kazi yake! Ndiyo maana mifumo mingi ya namna hii hutazama pedali ipi ilitangulia na gari lina kasi gani. Nissan nao walikwenda mbali zaidi na 370Z iliyotoka mwishoni mwa 2008: ukihamisha gia, kompyuta inapandisha injini mizunguko yenyewe, mguu wa kulia unabaki na breki peke yake. Gari hilo ni mjukuu wa Datsun 240Z, iliyoshinda Safari mwaka 1971 kwa Edgar Herrmann na 1973 kwa Shekhar Mehta. Babu alihitaji mguu unaocheza pedali mbili, mjukuu hata viatu vipana anavikubali.

Mwenye gari la zamani lisilo na kompyuta hana IF ya kumsaidia. Ana kiatu, tupa ya fundi, na kipimo kile cha breki iliyokanyagwa hadi mwisho.